Haba na Haba: Kumnywesha Sungura Mgonjwa Kwenye Baridi ya Mbeya

Leo sina mapishi wala habari za mitandio. Nataka tuzungumze kuhusu sungura, na hasa kuhusu maji ya sungura, kwa sababu kuna msemo mmoja umeenea kila nilipopita, na msemo huo unaua: "Sungura hanywi maji."

Nimeusikia Mbeya tunakoishi sasa, nimeusikia Iringa kwa wakwe zangu, na hata nyumbani Unguja niliusikia utotoni kwa watoto wenzangu waliofuga. Wengine huongeza kwamba ukimpa maji atavimba tumbo afe. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wamemwona sungura akitafuna majani mabichi siku nzima bila kugusa bakuli, wakaamua kwamba maji si haja yake.

Kumbe majani mabichi yenyewe sehemu kubwa ni maji. Sungura anayekula matembele, mchicha na nyasi zenye umande anakunywa huku anatafuna. Lakini huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika kuelekea Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nyasi zinakauka, na mfugaji anageukia pumba za mahindi, chakula cha vidonge cha dukani na nyasi kavu. Sungura anayekula vikavu huhitaji maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya chakula hicho. Kwa hesabu ya jumla, sungura mzima hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 2 basi anaweza kumaliza mililita 100 mpaka 300. Ili uone ukubwa wa haja hiyo, mwanamke wa kilo 60 akinywa mililita 100 kwa kila kilo yake, angekunywa lita 6 kwa siku. Nani kati yetu anaziweza?

Mimi si daktari wa mifugo. Ni mama tu, mzaliwa wa Mji Mkongwe, niliyeolewa na Mhehe wa Iringa, na kazi ya mume ikatuleta Mbeya. Mji huu uko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Sweta nilizokuwa nikizicheka kwenye picha za wifi yangu sasa nalala nazo.

Wifi yangu ndiye mfugaji. Anakaa Kihesa, Iringa, na nyuma ya nyumba yake kuna banda la mbao lenye sungura wa kuuza na wa kitoweo. Binti yangu alipofanya vizuri skuli, shangazi yake alimpa zawadi ya sungura jike mweupe. Akampa jina Pamba. Tulisafiri naye kutoka Iringa mpaka Mbeya ndani ya kikapu, tukapita Mafinga na Makambako, na kila basi liliposimama binti alikuwa akimpa kipande cha karoti na kumchungulia.

Lakini kabla sijafika kwa Pamba, nieleze kilichompata wifi, maana ndicho kilichotufundisha sote.

Alikuwa na vitoto sita vilivyoachishwa kunyonya karibuni. Huo ndio umri wa hatari kwa sungura, kwa sababu tumbo linahama kutoka kwenye maziwa kwenda kwenye majani, na vijidudu vya koksidia hupata nafasi. Wifi alikwenda msibani Mafinga siku tatu, akamwachia kijana wa kazi banda. Vitoto vikaanza kuhara. Kijana akamuuliza bibi mmoja wa jirani, mtu mzima anayeheshimika mtaani, naye akamwambia: "Waondolee maji, kuhara kutakata kwenyewe." Kijana akatii, kama sote tulivyofunzwa kuwatii wakubwa.

Wifi aliporudi alikuta vinne vimekufa. Viwili vilikuwa hai lakini macho yameingia ndani, ngozi ya mgongoni ukiivuta inabaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Alimwita daktari wa mifugo. Kinyesi kilipotazamwa kwa hadubini, koksidia ilionekana. Dawa ya kuitibu ipo na vile viwili vilipona kwayo, lakini daktari alimwambia wifi neno ambalo amelirudia kwangu mara nyingi: "Ugonjwa ulianza kazi, ukavu ndio uliomaliza."

Simlaumu yule bibi. Fikra ya kumnyima maji anayehara ilikuwa ya binadamu kabla ya kuwa ya sungura. Wangapi kati yetu tumesikia mtoto anayeharisha asipewe maji kwa sababu "yatapita tu"? Dunia nzima ilichelewa kulielewa jambo hili. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa kambini Bangaon nchini India na kipindupindu kikaingia. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kutumia maji yenye sukari na chumvi, yanyweshwe na ndugu wa wagonjwa wenyewe, kikombe kwa kikombe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Pakiti za ORS tunazozipata leo kila kituo cha afya zinatokana na elimu hiyo. Mgonjwa anayepoteza maji anahitaji kurudishiwa maji, awe mtoto au awe mnyama.

Kwa sungura jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya jinsi tumbo lake lilivyoumbwa. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kisogee mbele, na utumbo wake umeumbwa kufanya kazi usiku na mchana. Maji yakipungua mwilini, mwili unayavuta kutoka kwenye chakula kilichomo tumboni. Chakula kinakauka, utumbo unapunguza mwendo, gesi inajikusanya, maumivu yanaanza. Mwenye maumivu hali wala hanywi, na asipokunywa ukavu unaongezeka. Mzunguko huo ukianza hauna subira. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura, hata kama amekaa kitako anakutazama vizuri.

Naye atakutazama vizuri kweli. Sungura ni windo la kila mnyama, basi ameumbwa kuficha udhaifu wake. Ndiyo maana baada ya msiba wa wifi, mimi na binti yangu tulianzisha utaratibu mdogo. Kila jioni anapima kwa kikombe maji yaliyobaki kwenye bakuli la Pamba, na kuandika kwenye kalenda ukutani kiasi alichokunywa. Pamba ana kilo 2, na kwa kawaida hunywa karibu mililita 200.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Julai. Mbwa wa mtaani walikuwa wamelizunguka banda usiku wa kuamkia siku hiyo wakibweka na kukwangua mbao, mpaka mume wangu akatoka na tochi kuwafukuza. Banda halikuvunjika na Pamba hakuguswa. Lakini hofu peke yake inaweza kusimamisha utumbo wa sungura. Jioni binti alikuja na kalenda mkononi: "Mama, Pamba hajanywa kitu."

Bakuli lilikuwa karibu limejaa. Matembele ya asubuhi yalikuwa pale pale, yamenyauka. Chini ya banda, badala ya vile vinyesi vya duara vingi kama choroko, kulikuwa na vichache, vidogo na vigumu. Nilimshika masikio, yalikuwa ya baridi. Nikamfunua mdomo kidogo na kugusa fizi: zilinata, hazikuteleza kama fizi yenye mate. Nikavuta ngozi ya mabegani, ikarudi polepole.

Nilitoka kutafuta msaada. Kwenye duka moja la dawa muuzaji alinitolea vidonge vya amoksilini, akanielekeza nifungue kimoja nichanganye na maji. Kabla sijampa Pamba chochote nilimpigia wifi, na wifi akaniunganisha na daktari wake wa Iringa. Dada zangu, naomba hapa msome kwa makini. Daktari alisema nisithubutu. Tumbo la sungura linategemea bakteria wema wa kusaga majani, na dawa kama amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huwaua hao na kuwaacha wabaya watoe sumu. Sungura huanza kuhara na kufa siku chache baadaye, na mwenyewe akadhani ni ule ugonjwa wa mwanzo. Dawa inayomfaa mwanao au ng'ombe wako inaweza kuwa kifo kwa sungura.

Kisha akaniuliza maswali mawili: tumbo limekaza kama ngoma? Anameza? Nikambonyeza taratibu, lilikuwa laini. Nikamdondoshea tone la maji mdomoni, akameza. "Basi," akasema, "tuna la kufanya mpaka asubuhi." Angekuwa amevimba tumbo, au amelala ubavu bila fahamu, au hamezi, kumnywesha kungekuwa kumwua, kwa sababu maji yangeingia kwenye mapafu. Huyo hapewi kitu mdomoni, hupelekwa kwa daktari hapo hapo.

Kazi ya kwanza ilikuwa joto. Mwili wa sungura mzima una joto la kati ya nyuzi 38.5 na 40, juu kuliko letu, na aliyepoa hawezi kuyatumia maji wala chakula vizuri. Tulimwingiza ndani, tukajaza chupa mbili maji ya moto, tukazifunga kwa kanga na kuziweka ubavuni mwake, zisimguse moja kwa moja, na tukamwachia nafasi ya kusogea akiona joto limezidi.

Kazi ya pili ndiyo maji. Nilichukua bomba la sindano la mililita 1, bila sindano, na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kuwa vuguvugu. Nikamzungushia Pamba taulo, kichwa tu kikabaki nje, nikamweka juu ya meza akiwa amekaa kwa miguu yake minne. Sungura mgonjwa usimlaze chali kama mtoto mchanga, wala usimwinue kichwa juu. Nyuma ya meno ya mbele sungura ana pengo lisilo na meno. Ncha ya bomba huingia hapo, kwa ubavuni, ikielekea upande wa pili wa mdomo na si kooni. Unasukuma nusu mililita, unasubiri aitafune na kuimeza, ndipo unasukuma tena.

Daktari aliniambia nimpe mililita 20 kila baada ya saa tatu. Nilipoisikia nikaona ni kidogo, si hata vijiko viwili vya chakula. Kwa nusu mililita kila mara, hiyo ni misukumo 40. Binti alikuwa akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba Pamba akapiga chafya, tukasimama, tukamfuta pua, tukasubiri apumue sawasawa. Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii nimeifundisha watoto miaka mingi, lakini usiku ule niliiona kwa macho.

Sikumpa soda wala maziwa, wala uji wa mahindi, ambao wengi hukimbilia. Wanga mwingi kwenye tumbo lililosimama huchachuka na kuongeza gesi. Hata ORS daktari alisema nisimpe kwa kubahatisha. Hiyo ana mahali pake hasa kwa anayehara, na kipimo hutolewa na aliyemwona mnyama.

Karibu saa tano za usiku jirani yangu, mama wa Kinyakyusa ambaye huniazima jiko na kunifundisha majina ya mboga za huku, aliona taa inawaka akabisha hodi. Aliponikuta na sungura kwenye taulo alicheka kwa upole. "Mama," aliniambia, "huyo mchinje sasa hivi, ana heri ya kuwa mboga kuliko kufa bure. Sungura mwingine utanunua Mwanjelwa." Hakuwa mkatili. Ni mwanamke aliyelea watoto watano kwa shamba la viazi, na kwake mnyama ana hesabu yake. Na hesabu yake ilikuwa sahihi: bodaboda, dawa na vifaa vilivyofuata vilizidi bei ya sungura mpya.

Nilimjibu kwa kisa ambacho sote tulikisoma chuoni, cha yule mtu aliyebanwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu. Akarudi chini, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakishika kwa meno na kupanda nacho. Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa jambo hilo. Maswahaba walipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama wanyama nao wana thawabu, jibu lilikuwa kwamba ipo kwa kila kiumbe mwenye ini bichi, yaani lenye unyevu. Unyevu! Kisa hicho nilikijua tangu utotoni, lakini neno hilo moja sikuwahi kulizingatia mpaka nilipoishika fizi kavu ya Pamba. Uhai wa mnyama umeelezwa kwa maji yaliyomo ndani yake.

Nikamwambia pia jambo la pili, la kidunia zaidi. Binti yangu alikuwa anatazama. Kitu alichopewa akitunze, akakitunza, akagundua ugonjwa kabla yetu sote, je, nimwambie usiku huo huo kwamba utunzaji una mwisho pale gharama inapozidi bei? Jirani hakujibu. Alikwenda kwake, akarudi na birika la maji ya moto kwa ajili ya chupa zetu. Alikaa nasi mpaka saa saba. Nikamwambia "ndaga fijo", shukrani ya kwao, akacheka lafudhi yangu.

Asubuhi afisa mifugo wa kata alikuja. Alimpima Pamba, akamsikiliza tumbo, akampa dawa ya kupunguza maumivu, kisha akampa dripu. Wengi hudhani dripu lazima iingie kwenye mshipa. Kwa sungura hutumika sana njia ya chini ya ngozi. Ngozi ya mabegani imelegea, daktari huiinua kama hema dogo, akaingiza sindano humo na kusukuma maji ya dripu ya Ringer, aina ile ile wanayotundikiwa watu hospitalini, yakiwa yamepashwa vuguvugu. Pamba alipewa mililita 80. Pale mabegani palivimba kama nundu ya ngamia, binti akaogopa, lakini afisa akamwonyesha jinsi inavyoshuka taratibu kuelekea miguu ya mbele. Baada ya saa chache mwili ukawa umeinywa yote.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi na naiandika hapa ili mwone mantiki, si ili mjitibie. Sungura mgonjwa wa kilo 2 anahitaji kama mililita 200 kwa siku. Dripu imetoa 80. Zilizobaki 120 ni mara sita za mililita 20 kwa bomba. Kila tulichompa binti alikiandika kwenye kalenda ile ile. Kuchoma sindano chini ya ngozi ni kazi ya aliyesomea. Akiona inafaa uendelee nyumbani atakuonyesha mwenyewe, mkono kwa mkono.

Baada ya maji ndipo chakula. Tuliloweka vidonge vya chakula vya sungura kwenye maji vuguvugu mpaka vikawa rojo, tukampa kwa bomba kubwa zaidi, kidogo kidogo vile vile. Sungura asiyekula huyeyusha mafuta ya mwili wake kwa haraka, na ini linaelemewa, kwa hiyo hata akipata maji yote bila chakula hatoki salama.

Siku ya kwanza hakukuwa na mabadiliko. Siku ya pili alfajiri, nilipoamka kwa sala nikapita kumtazama, nilikuta juu ya gazeti vinyesi vitatu vidogo, vyeusi, vimeunganishwa kwa manyoya kama shanga. Sijawahi kumwamsha mume wangu kwa habari ya namna ile. Mchana alikula jani moja la mchunga. Siku ya tatu jioni alisogea mwenyewe kwenye bakuli na kunywa, na binti akaandika kwenye kalenda: 60. Wiki iliyofuata alirudi kwenye 200 yake. Leo banda lake liko ukumbini karibu na dirisha, mbali na mbwa.

Wifi naye kule Kihesa amebadilisha mambo. Kila chumba cha banda lake kina bakuli zito la udongo ambalo sungura hawezi kulipindua. Chupa za kuning'inia zina usafi wake, lakini sungura hunywa zaidi kwenye bakuli, na chuchu ya chupa ikiziba huwezi kujua mpaka mnyama amekauka. Asubuhi za baridi anaweka maji vuguvugu, na anaona yanaisha upesi kuliko yale yaliyolala nje. Majani anayaosha na kuyatoa yakiwa bado yanachuruzika. Na mawili anayaonya wageni wote wanaoleta zawadi ya majani: majani ya viazi mviringo na majani ya mparachichi yasiingie bandani, kwa kuwa yana sumu kwa sungura. Huku tumezungukwa na mashamba ya vyote viwili, ndiyo maana anarudia kila mara. Kwa wanaoharisha, Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, basi haoni tena sababu ya kukisia ugonjwa.

Nanyi mlioko visiwani, msidhani haya ni ya watu wa baridi tu. Huko kwetu adui ni joto. Sungura hatoi jasho kama sisi, hupunguza joto hasa kupitia masikio yake makubwa, na joto likipita nyuzi 30 anataabika. Banda la bati lililowekwa juani mwezi wa Februari ni tanuri. Weka banda kivulini penye upepo, badilisha maji asubuhi na mchana kwa kuwa maji ya moto hawayapendi, na ukiweza gandisha chupa ya maji, ifunge kitambaa, iweke apate kuiegemea.

Nyumbani kwangu kuna kopo dogo juu ya kabati la jikoni. Ndani yake mna mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, taulo dogo, kipimajoto, pakiti ya vidonge vya chakula, na karatasi yenye namba ya afisa mifugo wa kata. Namba hiyo iulizeni ofisi ya kata yenu wiki hii, mnyama akiwa mzima. Saa nne za usiku si wakati wa kuanza kuitafuta.

Na bakuli lenu la leo, kabla hamjamwaga maji yaliyobaki, litazameni limepungua kiasi gani. Kama jana lilikuwa nusu na leo limejaa, msisubiri mpaka asubuhi.